Waya wa Bluu Bafuni

Chamazi, Temeke
11 Februari 2024

Baba mkwe,

Shikamoo. Ukiuona mwandiko huu utajiuliza ni wa nani, maana hujawahi kuuona, kama ambavyo hujawahi kuuona uso wangu kwa miaka sita niliyokaa na mwanao. Ni mimi, mke wa Gibson, mama yake Bupe.

Nisamehe kwanza kwa kuandika. Nimekaa na kalamu siku tatu nikijiuliza kama barua nayo ni kuonana. Mama alipokuwa hai sikuwa na shida hii. Nilimwambia yeye, yeye akakuambia wewe, na jibu likarudi kwa njia ileile. Tangu tumzike Agosti hakuna wa katikati. Kukupigia simu siwezi, utasikia sauti yangu. Meseji nazo unasomewa na kila apitaye, kwa kuwa unasema maandishi ya simu yako ya kitochi ni madogo kama chawa. Wanyakyusa wenzetu wengi hapa mjini wameshaiacha desturi hii ya mkwe na mkamwana kukwepana, wanakula hadi meza moja. Lakini najua wewe hujaiacha, nami sitaki kuwa wa kukuvunjia heshima.

Sisi wazima. Bupe ameanza chekechea na mwalimu wake analalamika kwamba anaongea kama redio iliyoharibika kitufe cha kuzimia. Gibson bado ni karani kwenye ghala la Kurasini. Tangu Novemba tumehamia kwenye nyumba yetu wenyewe. Haina uzio, ila choo na bafu viko ndani.

Neno lililonifanya niandike ni la jirani yangu, Hayat, mwenye duka la vitenge hapo mbele. Bafuni kwake kuna taa mbili za mviringo zilizochomekwa kwenye dari, zina pete ya chuma pembeni. Siku moja alikuwa anafuta ukungu darini kwa kitambaa kibichi, moja ikampiga shoti akaanguka. Anataka kujua taa za darini zinafungwaje bafuni ili zisimdhuru mtu. Nikakumbuka kwamba nina baba aliyekuwa fundi umeme miaka thelathini.

Barua nampa Rogers, mpwa wako, akirudi huko na lori lake la ndizi. Nimemwambia ni dawa ya mgongo.

Mkamwana wako,
Sekela


Tukuyu
2 Machi 2024

Mama Bupe,

Marahaba. Dawa ya mgongo nimeipata jana. Rogers alikwama siku nne mlima Kitonga, halafu akaisahau wiki nzima chini ya kiti cha lori. Niliisoma nikiwa nimesimama nje. Nimefikiri nikaona kwamba karatasi haina uso wala sauti, kwa hiyo hatujavunja kitu. Wazee wakiniuliza nitawajibu hivyo.

Mimi mzima, ila magoti. Upepo umeangusha migomba saba. Nyumba ni kimya mno. Mpaka leo sijajua Mama alikuwa anaweka wapi chumvi ya akiba, nanunua mpya kila mara.

Sasa mwambie huyo Hayat. Bafu si chumba kama vyumba vingine. Maji na mvuke hupanda darini, na mtu aliyelowa, amesimama peku sakafuni, umeme unampitia kwa urahisi kuliko mtu mkavu. Kwa hiyo taa ya bafuni iwe ile iliyofunikwa kioo na mpira, isiyoingiza mvuke. Isikae juu ya bomba la kuogea, ikae kando. Kama ina chuma, lazima iwe na ethi, yaani ule waya wa kijani wenye mstari wa njano unaopeleka umeme uliovuja ardhini badala ya kumpelekea mtu. Swichi ikae nje ya mlango. Na kwenye boksi la mein swichi iwepo ile breka inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Hiyo haina mjadala.

Anayefunga haanzi kazi mpaka azime mein swichi, siyo swichi ya ukutani. Afunge boksi, ufunguo auweke mfukoni mwake mwenyewe, kisha apime kwa testa. Na testa yenyewe aijaribu kwanza mahali penye umeme, ajue kwamba ni nzima. Mimi nilikuwa na jambo moja zaidi, na vijana wangu walinicheka kwalo. Mtu mmoja anabaki kwenye mein swichi. Aliye juu ya ngazi, kila kabla ya kugusa waya, anauliza: "Giza?" Wa chini anajibu: "Giza." Asipojibiwa, hagusi. Nimefanya kazi miaka thelathini na vidole vyangu vyote kumi ninavyo.

Nina maswali. Huyo Hayat alipopigwa, swichi ilikuwa imewashwa au imezimwa? Nyaya zilizo nyuma ya taa ni za rangi gani? Na nani alizifunga?

Baba Gibson


Chamazi
24 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Masika imeanza, kuta zote zinatoka jasho. Chumvi ya akiba iko kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, nyuma ya picha ya ubatizo wa Gibson. Mama aliniambia. Alikuwa anakuficha kwa sababu unazidisha.

Majibu ya Hayat ni haya. Swichi ilikuwa imezimwa. Ana hakika, kwa sababu aliizima yeye mwenyewe kabla ya kupanda stuli. Tangu siku hiyo anaoga gizani. Anasimamisha simu dirishani imulike, anavaa kandambili, anainama chini ya ndoo kama mtu anayeiba maji. Bomba la juu haligusi. Bafu liko hatua nne kutoka kitandani kwake, na kila asubuhi analipigia hesabu kama safari ya mkoani. Angeenda kwa dada yake apumzike, lakini mwili wake kwa sasa si wake peke yake, na baada ya kuanguka daktari alimwambia asitoke, alale, mpaka mwezi wa saba. Kwa hiyo amelala na kuutazama mlango wa bafu.

Rangi za nyaya: kutoka kwenye boksi zinakuja mbili, kahawia na bluu, zile alizoweka fundi aliyejenga umeme wa nyumba. Zinazoingia bafuni ni za zamani, nyekundu na nyeusi, hazina hiyo ya kijani. Bluu imeungwa na nyekundu, inapita kwenye swichi. Kahawia imeungwa na nyeusi, inakwenda moja kwa moja kwenye taa.

Aliyezifunga ni mume wake. Si fundi wa kusomea. Na fundi mwingine hataki hata kumsikia. Alisema hivi: "Sekela, hiyo ishu tumeshaongea. Mie nilikuwaga nabeba begi la mzee tangu darasa la pili, leo nikaite fundi wa mtaani aje anifundishe nyaya? Mzee akisikia atanionaje?"

Nimeiandika barua hii kwa wino, na karatasi ndiyo hii moja, kwa hiyo siwezi kufuta hapo juu. Basi liache.

Sekela


Tukuyu
20 Aprili 2024

Mama Bupe,

Marahaba. Kopo nimeliona. Ndaga, asante.

Hayat wako huyo namfahamu. Waya mwekundu na mweusi niliukata mimi, mita kumi na mbili, nikaukunja vizuri nikampa Rogers awaletee mlipohamia. Ulibaki stoo tangu nilipostaafu. Ilikuwa zawadi yangu ya nyumba.

Sikiliza. Swichi yenu ya bafuni inakata waya wa kurudisha, haikati waya wa moto. Ukiizima, taa inazimika, lakini moto bado uko palepale darini unakungoja. Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda kwenye boksi, shusha breka ya bafuni, ibandike tepu ili mtu asiipandishe. Mwoge kwenye giza kamili. Giza halijaua mtu.

Gibson nimempigia simu mara mbili. Sababu ya kosa hilo nitakueleza siku nyingine. Leo mkono umechoka.

Baba Gibson


Chamazi
8 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Hatujambo kwa leo.

Rogers alinikabidhi barua yako tarehe 29 Aprili. Nilifanya ulivyosema, nikabandika tepu na juu yake nikaandika USIGUSE. Jioni Gibson alirudi akaiona. Hakugomba. Gibson hagombi, ungekuwa nafuu angegomba. Aliibandua taratibu, akaipandisha breka, akaniuliza nimejifunzia wapi umeme. Nikamwambia kwa Hayat. Akasema, "Baba amenipigia mara mbili wiki hizi, tumeongea vizuri tu, kauliza ng'ombe, kauliza mvua. Ingekuwa kuna shida si angesema?"

Baba, nina hasira, na nitaisema hapa kwa kuwa hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kusema. Kwangu mimi uliandika kwamba moto unaningoja darini. Kwa mwanao uliuliza ng'ombe. Kwa nini? Mimi nikimwambia, namdharau. Fundi mwingine akimwambia, anatukana ukoo. Mtu mmoja tu duniani akisema "umekosea" Gibson atasikia, na huyo mtu anazungumza naye habari za mvua.

Juzi nilimwingiza Bupe aoge. Nilikuwa nimezima swichi, nikijua haisaidii, lakini mtu hufanya hata lisilosaidia. Akashika bomba la ukutani, akaliachia, akasema, "Mama, maji yananing'ata." Nilimtoa na sabuni yake mwilini. Tangu siku hiyo namwogesha chumbani kwenye beseni, na Gibson anauliza kwa nini zulia linanuka.

Kwetu Kyela siwezi kusafiri na tumbo hili. Kwa Hayat siwezi kuhamia na mtoto bila watu kuuliza. Kukupigia siwezi. Nimefungwa kwenye nyumba ambayo niliiombea miaka mitano tuijenge. Mama angekuwapo angekwishapanda basi.

Sekela


Tukuyu
25 Mei 2024

Mama Bupe,

Marahaba. Hasira yako nimeipokea. Ni ya haki.

Maji hayang'ati. Huo ni moto unaovuja kutoka kwenye taa, unashuka na unyevu wa ukuta mpaka kwenye bomba. Usimwingize tena mtoto humo, wala usiingie wewe. Beseni liendelee, na zulia linuke.

Sasa nikueleze nililosema nitalieleza siku nyingine. Gibson alipokuwa na miaka saba alinibebea begi likizo nzima. Nikamfundisha wimbo wa rangi, ili asije akagusa pasipofaa. "Nyekundu, njano, bluu, zote zina moto juu, nyeusi ndiyo mpole, rudi naye pole pole." Aliuimba mpaka mama yake akachoka. Ulikuwa wa kweli. Wakati wetu bluu ilikuwa waya wa moto kama nyekundu, na nyeusi ndiyo iliyokuwa ya kurudisha. Baadaye rangi zikabadilishwa. Siku hizi kahawia ndiyo yenye moto, na bluu ndiyo ya kurudisha. Mimi nilijua, nilikuwa bado kazini. Kwa vijana wangu wa kazi nilieleza siku ileile. Kwa mwanangu sikueleza. Alikuwa ameshakwenda Dar, amekuwa karani, nikaona hana haja.

Kwa hiyo aliposimama kwenye ngazi yake na kukuta kahawia na bluu, na mkononi ana nyekundu na nyeusi niliyompa mimi, aliimba wimbo. Bluu ina moto, akaiunga na nyekundu. Kahawia haimo katika wimbo, akaipa nyeusi. Hakufanya uzembe. Alifanya nilichomfundisha. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Nilimkunja angali mbichi, tena nilimkunja vibaya.

Mara mbili zile nilishika simu nikiwa na maneno yote tayari. Nikasikia, "Shikamoo mzee, mafundi wa huku hawakufikii." Nikauliza ng'ombe. Ndiyo hivyo. Niliona aibu, na aibu yangu nikakubebesha wewe na mtoto.

Ninakuja. Rogers anashuka tarehe 6 Juni, nitapanda naye. Nitalala kwake Tandika. Jumamosi tarehe 8 asubuhi nitafika kwenu, nimeshamwambia Gibson nakuja kuitazama nyumba na kumletea taa mpya. Hilo la wimbo nitamwambia ana kwa ana, tukiwa na kazi mikononi. Wanaume hatuambiani vizuri tukiwa tumekaa.

Kuhusu sisi wawili: nikiingia ukumbini nitagonga fimbo mara tatu, nawe ukae chumbani na mlango umefungwa. Nikimaliza nitagonga tena nikitoka. Gibson atakaa kwenye mein swichi. Usiwe na hofu, sitachelewa.

Baba Gibson


Chamazi
17 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama. Uliondoka Jumapili alfajiri bila neno, na leo ni siku ya tisa sijui nimekuharibia kiasi gani. Gibson hasemi, nami simuulizi. Kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea upande wangu wa mlango, ambao hukuuona. Ukishayajua, uamue.

Nilisikia fimbo mara tatu. Nikafunga mlango nikalala chali, maana kukaa kulikuwa kunaniuma. Bupe nilikuwa nimempeleka kwa Hayat. Nikakusikia ukizungumza na Gibson barazani, kwenye boksi, chini ya dirisha langu. Sikukusudia kusikiliza, dirisha halina kioo, lina wavu tu. Ulimwambia habari ya wimbo. Ulisema, "Kosa ni langu, si lako." Kisha nikasikia ufunguo, nawe ukasema, "Mimi huwa nauweka mfukoni kwangu, lakini leo kaa nao wewe." Nilifurahi, Baba. Nilijua unamheshimu mbele ya jambo lililomwaibisha.

Umeme ukazimwa. Feni ya chumbani kwangu ikapunguza mwendo, ikasimama. Ukapanda ngazi. Nikaanza kusikia: "Giza?" Na kutoka barazani: "Giza." Nikasinzia nikisikiliza, ilikuwa inabembeleza kama kibwagizo cha kanisani. Nilikusikia ukitoa taa ya kwanza, na ukisema peke yako, "Ona ulivyooza."

Kilichofuata nimekijua baadaye. Bosi wa Gibson alipiga simu kutoka ghalani. Mtandao kwetu ni wa kusimama barabarani, naye akatoka hadi barabarani, boksi akaliacha wazi na ufunguo ukining'inia. Rogers alikuwa sebuleni anasubiri, joto limemshika, anataka kuangalia mpira. Akadhani umeme umejikata wenyewe. Akatoka, akaona mein swichi iko chini, akaipandisha kama mtu anayefanya wema.

Mimi nilikuwa naitazama feni. Ilizunguka kidogo, kama inayojaribu, halafu ikazunguka kweli.

Sikuelewa mara moja. Nikakusikia bafuni: "Giza?" Barazani kimya. Nikasema moyoni, asipojibiwa hagusi, aliniandikia mwenyewe. Nikasubiri uulize mara ya pili. Hukuuliza. Nikasikia bisibisi yako inagonga chuma. Baba, ulikuwa unaendelea.

Nilifungua mlango wa chumba nikiwa na kanga moja, nikasimama ukumbini, nikaona miguu yako kwenye ngazi na visigino vyako. Nikasema, "Baba, umeme umerudi. Usiguse." Sikupiga kelele, nilidhani kelele zitakushtua uangukie waya. Ukasema, "Nani huyo?" Nikasema, "Sekela." Hukujibu. Nikaenda barazani, nikaishusha mein swichi kwa mkono wangu, nikafunga boksi, nikachukua ufunguo. Rogers alikuwa amesimama na rimoti mkononi, hata leo bado anaomba radhi.

Nilirudi nikakupa mgongo. Nikasema, "Giza." Nilidhani utashuka uondoke. Ukasema, "Kaa hapohapo, uwe unaniambia." Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye fremu ya mlango wa bafu, uso kwenye ukuta wa ukumbi, ufunguo ngumini. Ukauliza, nikajibu. Uliuliza mara thelathini na moja, nilihesabu, sikuwa na kingine cha kufanya. Gibson aliporudi alitukuta hivyo. Alisimama pale na simu yake bado inaongea. Kisha akakaa sakafuni karibu yangu, akaanza kukupitishia vifaa, waya wa kijani, taa za kioo, na kila ulipouliza "Giza?" alinitazama mimi nijibu.

Taa zinawaka. Bomba haling'ati. Gibson ameweka na ile breka ya kujikata, aliita fundi mwenye leseni, tena akamshikia ngazi. Bupe anaoga mpaka vidole vinakunjamana.

Lakini nilikusemesha, Baba. Nilikutajia jina langu, nikaiona miguu yako, tena nikiwa hivyo nilivyokuwa. Najua kwetu mkamwana aliyefanya hayo hutakiwa kutoa ng'ombe wa kusafisha, na kwamba wapo wazee watakaosema mzigo ni wangu. Sina ng'ombe. Nikirudishwa kule tulikokuwa, nitafanya vilevile, na hilo ndilo linalonitisha kukuandikia. Kama umekasirika, niandikie kwamba umekasirika. Nimechoka na kimya.

Sekela


Tukuyu
28 Julai 2024

Mkwe wangu,

Marahaba, na pole na hongera. Gibson alinipigia tarehe 19 kuniambia mmepata mtoto wa kiume, na kwamba mnataka kumwita Ansbert, jina la baba yako. Ni vizuri. Nilimuuliza mama wa mtoto yukoje. Akasema umelala. Nilikuwa nakusikia nyuma yake unamwimbia mtoto, lakini sikusema kitu.

Nimechelewa kujibu wiki sita, na Rogers safari hii hana kosa. Nilikuwa nakwenda kwa wazee. Nilikwenda mwenyewe kuwaambia kabla hawajaambiwa. Mmoja aliuliza kuhusu ng'ombe. Nikamwambia ng'ombe nimeshamtoa, yule mwekundu mwenye pembe moja, nimemchinja kwa shukrani, na kama ana njaa bado kuna mguu. Wakala. Sasa hakuna wa kukudai kitu.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza, nami nilitumaini hutaliuliza. Kwa nini niliendelea bila kujibiwa. Nilikuandikia kanuni hiyo kwa mkono wangu, na miaka thelathini sikuivunja. Siku ile niliuliza, pakawa kimya, na nikanyoosha mkono. Nimelifikiria sana, nikiwa kwa wazee na nikiwa kitandani. Jibu ni hili. Nilizoea kwamba ndani ya nyumba yenu kuna mtu asiyenijibu. Miaka sita nimepita ukumbini mlikokuwa mmepanga, na hapa kwetu mlipokuwa mkifikia, nikijua uko nyuma ya mlango, unapumua, husemi. Kimya chako nilikihesabu kuwa ni salama. Nilikihesabu kuwa ndiyo heshima yenyewe. Basi niliposikia kimya, mkono wangu ukaona ni sawa.

Vidole viwili vilikuwa vimeshashika waya kwenye plastiki. Shaba ilikuwa mbele kwa upana wa ukucha.

Uliposema "Sekela" sikukujibu kwa sababu sikuweza. Sauti yako ni nzito kuliko nilivyodhani. Kwa miaka sita nilikuwa nimekutengenezea nyingine kichwani, nyembamba, ya mtu mwenye woga. Nilisimama kule juu nikajiuliza nilikuwa naogopa kusikia nini.

Mama alinisumbua sana juu ya hili. Alisema, "Siku moja nitaondoka, na nyie wawili mtakuwa kama watu wawili visimani, kila mmoja na kisima chake." Nikamwambia aache maneno. Alikuwa anazidi kuwa sahihi kila mwaka, na mimi nazidi kuwa mbishi.

Magoti yangu hayafai. Dar sitakuja tena karibuni, na nyumba hii haijapata mtu wa kuongea nayo. Jumapili baada ya ibada huwa nakaa barazani, kitochi kiko mfuko wa shati, na sijamwambia mtu yeyote aje kunisomea. Nambari anayo Gibson, ila usimpe yeye simu akuanzishie. Piga mwenyewe. Nikipokea nitauliza mtoto ananyonyaje, kisha utaniambia Mama alikuwa anaweka wapi na vitu vingine, maana sasa sukari nayo siioni.

Usiniandikie tena, Sekela.

Ambokile